Folda inapokataa kufunguka: kabla ya kukata tamaa, jua imefungwa na kufuli gani

Kompyuta iliyokwama hupelekwa kwa fundi Nchelenge au Kashikishi kwa ombi moja tu: iwake tena. Fundi husakinisha Windows upya, nayo huwaka. Nyumbani, mwenye kompyuta anagusa folda yake ya zamani na kuambiwa kuwa hana ruhusa ya kuifungua.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa kandokando ya Ziwa Mweru, hasara hiyo yaweza kuwa kubwa kuliko bei ya kompyuta. Wengi wao walivuka mpaka kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia Agosti 2017. Wakapokelewa Kenani na, tangu Januari 2018, kuhamishiwa makazi ya Mantapala. Aliyebaki na picha tu ya diploma yake ya serikali hawezi kurudi Pweto kesho kuomba nyingine.

Hata hivyo, ujumbe wa kunyimwa ruhusa hauna maana kwamba faili zimepotea. Mara nyingi tatizo ni la umiliki tu. Windows haimtambui mtu kwa jina, bali kwa namba ndefu inayotungwa akaunti inapoundwa. Baada ya kusakinisha upya, akaunti yaweza kupewa jina lile lile, lakini namba yake ni nyingine, na folda humwona mwenyewe kuwa mgeni.

Dawa yake ni nyepesi. Mwenye akaunti ya msimamizi hubofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, hufungua sifa zake, huingia sehemu ya usalama, kisha mipangilio ya kina, na kujiandika kuwa mmiliki. Hapo pana kisanduku kidogo cha kuwekewa alama ili mabadiliko yafike hadi kwenye faili zote za ndani. Wengi hukisahau, wakadhani njia imeshindwa. Baadaye hujipa ruhusa kamili katika sehemu hiyo hiyo. Ikiwa faili za zamani zimewekwa katika folda iitwayo Windows.old, zinakiliwe mapema, kwa kuwa kwa kawaida Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10.

Kufuli la pili ni gumu zaidi. Tangu Windows 2000, matoleo ya kazini, si yale ya nyumbani, yana mfumo wa EFS unaogeuza yaliyomo kuwa maandishi ya fumbo. Katika Windows 10 na 11 faili hizo huonyesha alama ya kikufuli. Kubadilisha mmiliki hakusaidii hapa: jina la mmiliki hubadilika, fumbo hubaki. Ufunguo ulikuwa ndani ya akaunti ya zamani, ukilindwa na nenosiri lake. Diski ikifomatiwa, ufunguo huondoka nayo, isipokuwa kama mwenyewe alihifadhi cheti chake, faili yenye mwisho wa .pfx, kwenye flashi. Ikiwa akaunti bado ipo na mtu mwingine alilazimisha nenosiri jipya, kurudisha lile la zamani mara nyingi hufungua tena faili.

BitLocker nayo hufunga diski nzima. Hudai namba ya tarakimu 48, ambayo mara nyingi imehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa kompyuta hiyo mara ya kwanza. Kwa kompyuta ya zawadi au ya mkono wa pili, huyo ndiye wa kuulizwa.

Kwa hiyo fundi aambiwe kabla hajaanza: asifomati, anakili diski kwanza. Lawama si zake daima. Aliombwa kompyuta inayowaka, akaitoa. Lakini anayedai malipo ya awali ili avunje fumbo la EFS au BitLocker bila ufunguo anauza asichokuwa nacho, na programu za bure zinazoahidi hivyo zaweza kuleta virusi.

Faili ikishindikana kabisa, kwa kadi ya ukimbizi pa kuanzia ni ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi. Kwa diploma na picha za familia, waulizwe ndugu waliowahi kutumiwa kwa WhatsApp au barua pepe: huenda nakala bado imo kwenye simu zao.