Ugonjwa wa Nje ni wa Nani? Homa ya Mapafu ya Ng'ombe katika Mpaka wa Tunduma

Mpaka wa Tunduma huelezwa mara nyingi kuwa mlango ambao maradhi ya mifugo huweza kuingilia nchini. Historia ya homa ya mapafu ya ng'ombe inaonesha mwelekeo mwingine. Ugonjwa huo ulirejea kaskazini mwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukasambaa kusini pamoja na makundi ya ng'ombe, na mwaka 1997 ukabainika Nakonde na Isoka, nchini Zambia. Kwa jirani huyo, "nje" ilikuwa ni sisi.

Kizuizi cha mpakani kiliwahi kufaa. Sotoka ilipotishia kuvuka mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali za kikoloni zilikinga eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kwa uzio na chanjo. Lakini sotoka iliua au ikapona kabisa, na chanjo yake ilidumu. Ndiyo maana mwaka 2011 ilitangazwa kutokomezwa duniani. Homa ya mapafu haina tabia hiyo. Chanjo ya T1/44 (ambayo, si vibaya kukumbusha, chimbuko lake ni kimelea kilichopatikana Tanganyika) hukinga kwa takriban mwaka mmoja tu, tena si kikamilifu. Dalili huweza kuchelewa kwa miezi. Ng'ombe aliyenusurika hubaki na kipande cha pafu kilichokufa, kimefungwa ndani ya utando, na vimelea hai humo. Hula vizuri na hakohoi. Mkaguzi wa getini, hata awe hodari kiasi gani, hatamtambua kwa macho.

Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019 kimerahisisha upitaji wa malori. Ng'ombe wanaoswagwa kwa miguu kwenye njia za panya, baina ya jamaa wa Kinyamwanga waishio pande zote mbili, hawafiki hapo.

Kwa maoni yetu, kinga yenye uzito zaidi iko machinjioni, ambako pafu hupasuliwa na kuonekana. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya 2003 inaruhusu karantini, na Sheria Na. 12 ya 2010 inadai utambuzi na ufuatiliaji wa mifugo. Hata hivyo, ng'ombe aliyepita minada miwili bila alama wala kibali huacha pafu bovu mezani, na mkaguzi hajui karantini iwekwe kijiji gani.