Si kila mwenye pembe ni chonga

Juzi asubuhi, karibu na uwanja wa Gombani, kijana mmoja alinisimamisha na chupa mkononi. Ndani mna dudu la kijani linalong'aa, lina pembe kichwani.

"Bwana shamba, chonga huyu! Nina miche mia ya minazi. Nipulize dawa gani?"

Nikamwambia, pesa yako iweke mfukoni kwanza. Chonga hang'ai kijani. Ni mweusi au kahawia iliyokoza, na hutoka usiku. Huyu ni mbawakawa wa maua, tena dume. Huruka mchana, hufuata maua na matunda yaliyoiva. Moyo wa mnazi hautoboi.

Tukenda shambani kwake. Miche miwili makuti yamekatika umbo la V! Hiyo ndiyo alama ya chonga: hutafuna kuti likiwa bado limejikunja. Kumbe yupo, ila si yule wa chupani. Pembeni kuna gogo la mnazi limeoza, ndani mabuu meupe, manene.

Vijana, anzeni hapo. Pasua gogo, ua mabuu, kisha lichome. Chonga aliyemo ndani ya mche mtoe kwa waya wenye ncha ya ndoana. Dawa tutaizungumza baadaye.