Alianza na vidukari, akafika kwenye bakteria wa kuwakinga nyuki

Mkulima wa kunde au kabichi anawajua vidukari kwa hasara wanayomletea. Tanzania wengi huwaita wadudu mafuta: wadogo, laini, wanaojazana chini ya jani na kufyonza utomvu hadi jani linajikunja. Nancy Moran, mwanabiolojia wa Marekani, aliwachunguza wadudu hao miaka mingi bila kutafuta dawa ya kuwaua. Alitaka kujua wanaishije. Siku hizi jina lake linatajwa pamoja na bakteria waliobadilishwa jeni ili kuwakinga nyuki na maradhi. Njia aliyopita inafaa kusimuliwa, maana kwetu mtafiti huulizwa "hii ina faida gani?" mapema mno, mara nyingi kabla hajaanza kazi.

Moran alipata shahada ya uzamivu mwaka 1982 katika Chuo Kikuu cha Michigan, kisha akafundisha kwa muda mrefu Chuo Kikuu cha Arizona. Maisha ya kidukari yana maajabu yake. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jike huzaa bila dume, huzaa watoto hai, na binti ambaye bado yumo tumboni mwa mama yake huwa tayari amebeba viinitete vyake mwenyewe. Baadhi ya aina huhama mmea mmoja kwenda mwingine kwa kufuata majira. Mwaka 1989 Moran alichapisha katika jarida la Science ushahidi kwamba aina moja imekuwa ikihama hivyo, kati ya kichaka na mmea mdogo wa kijani uotao kwenye mawe uitwao mosi, kwa miaka milioni 48. Hakuna mgonjwa aliyepona wala mavuno yaliyoongezeka kwa ugunduzi huo.

Lakini swali la maisha ya kidukari halikwepi swali la chakula chake. Utomvu una sukari tele, ila una upungufu mkubwa wa asidi za amino ambazo mnyama hawezi kujitengenezea. Anayezitengeneza ni bakteria aitwaye Buchnera, anayeishi ndani ya seli maalumu za kidukari na kurithishwa kutoka kwa mama hadi mtoto. Moran, akishirikiana na Paul Baumann wa California, alilinganisha nasaba ya bakteria hao na nasaba ya vidukari wenyewe, na matawi yakalingana: wameishi pamoja kwa zaidi ya miaka milioni 150. Katika muda huo Buchnera amepoteza jeni nyingi. Jenomu yake imebaki na herufi takriban 640,000 za DNA, wakati bakteria wa kawaida wa utumbo, E. coli, ana milioni 4.6 hivi. Hawezi tena kuishi peke yake. Na bakteria asiyeoteshwa katika sahani ya maabara ni vigumu mno kumbadilisha jeni.

Hapo ndipo nyuki wa asali alipoingia. Utumbo wa binadamu una mamia ya aina za bakteria. Wa nyuki mfanyakazi una chache, zisizozidi kumi, na karibu zilezile kila mahali duniani anapofugwa. Zaidi ya hapo, zinaoteshwa maabara. Nyuki anapotoka kwenye sega lake akiwa ndiyo kwanza amekomaa, utumbo wake hauna bakteria hao. Huwapata ndani ya siku chache kutoka kwa wenzake mzingani. Kwa hiyo mtafiti anaweza kumtoa nyuki akiwa bundo, amwache akomae katika chombo safi, kisha amlishe bakteria anaowataka yeye. Ni nafasi ambayo watafiti wa utumbo wa binadamu hawana. Mwaka 2013, mwaka ambao Moran alihamia Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, mmoja wa bakteria hao alipewa jina rasmi, Snodgrassella alvi, kwa heshima ya Robert Snodgrass, aliyeandika kwa kina juu ya maumbile ya nyuki.

Kabla ya kumbadilisha bakteria yeyote, kundi la Moran lilipima kwanza nyuki hupoteza nini bakteria wake wakivurugwa. Nyuki waliolishwa tetrasaiklini, dawa ambayo wafugaji wa Marekani huitumia dhidi ya ugonjwa wa majana, walipungukiwa na bakteria, na waliporudishwa mzingani wachache zaidi walionekana tena. Mwaka 2018 ikaja glaifosati, kiini cha dawa nyingi za magugu zinazouzwa hata madukani kwetu. Dawa hiyo hushambulia kimeng'enya ambacho mimea inacho na wanyama hawana, ndiyo maana husemwa haina neno kwa wadudu. Lakini bakteria wengi wa nyuki wanacho kimeng'enya hicho. Nyuki wachanga walioipata walipungukiwa na Snodgrassella, na walipokutana na vijidudu vya maradhi walikufa zaidi. Kwangu mimi hilo peke yake lingetosha kulipa gharama ya utafiti wote.

Kisha, Januari 2020, Moran, mwenzake Jeffrey Barrick na wanafunzi wao walichapisha kazi ya kumbadilisha Snodgrassella. Walimpa maagizo ya kutengeneza RNA yenye nyuzi mbili. RNA ya kawaida, nakala ya maagizo ya jeni, ina uzi mmoja. Yenye nyuzi mbili hujitokeza virusi vinapojizalisha, na seli za nyuki huichukulia kama dalili ya uvamizi. Huikatakata, kisha hutumia vipande hivyo kuitafuta RNA yoyote inayofanana navyo na kuiharibu. Bakteria mmoja alitengenezwa awape nyuki vipande vya kirusi kinacholemaza mabawa. Mwingine alibeba vipande vya jeni za utitiri aina ya Varroa, ambao hula tishu za nyuki na kueneza kirusi hichohicho. Utitiri anapomla nyuki huyo, humeza silaha dhidi yake mwenyewe.

Nyuki waliopewa kinga ya kirusi walikuwa na nafasi zaidi kwa asilimia 36.5 ya kufika siku ya kumi kuliko wale wasiopewa. Utitiri waliokula nyuki wa kundi la pili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa, kwa takriban asilimia 70. Hizo ni tofauti kati ya makundi mawili maabarani, siyo idadi ya mizinga iliyookolewa. Bakteria huyu haishi vyema nje ya utumbo wa nyuki, jambo linalopunguza hofu ya kutapakaa, lakini nyuki huruka wanakotaka na hawajui mpaka wa shamba. Ni haki wasimamizi wa usalama wa viumbe wadai majibu kabla mzinga wa wazi haujaguswa.

Afrika Mashariki haina sababu ya kukimbilia bakteria huyo. Varroa aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulimkuta karibu kote Kenya, ila makundi ya nyuki hayakuonekana kudhoofika kwa ajili yake. Nyuki wetu wanamvumilia, na kwa nini wanaweza ni swali la msingi linalostahili fedha.

Tunachokihitaji kwa dharura ni kinga dhidi ya malaria, na hapo njia hiyohiyo, ya kutumia vijidudu vinavyoishi ndani ya mdudu, imeshaanza. Watafiti wa kituo cha icipe, Nairobi, waliripoti mwaka 2020 kijidudu kiitwacho Microsporidia MB ndani ya mbu aina ya Anopheles arabiensis waliopatikana karibu na Ziwa Viktoria. Mbu mwenye nacho haambukizwi vimelea vya malaria, na kijidudu hicho hakionekani kumdhuru. Hakijabadilishwa jeni hata moja. Lakini, kama Buchnera, huishi ndani ya seli tu, kwa hiyo hakizalishwi katika chupa ya maabara. Lazima afugwe mbu. Hupita kutoka kwa mama hadi watoto, na pia kwa kujamiiana, hivyo njia mojawapo inayofikiriwa ni kuachia mbu dume walionacho, ambao hawaumi watu. Ili hilo lifanikiwe, inabidi kwanza kujua mbu hao hupandana wapi, saa ngapi, na jike humchagua nani.