Sindano Mbili, Donge la Uzi na Mama Mkwe

Hebu niambie ukweli, mpenzi msomaji. Ukishapambana na foleni, ukafika nyumbani saa mbili usiku, wewe na mwenzi wako huwa mnafanya nini? Kwetu ilikuwa hivi: kula, kuoga, kisha kila mtu na simu yake, mmoja kona hii ya kochi na mwingine kona ile. Tukicheka, kila mtu anacheka na watu wake wa kwenye simu. Saa tano tunazima taa. Kesho hivyo hivyo.

Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kitakachotutoa kwenye maisha hayo kitakuwa sindano mbili na donge la uzi. Na aliyekileta ndiye mtu niliyekuwa namwogopa kuliko bosi wangu: mama mkwe.

Alikuja Dar es Salaam kutoka Njombe kwa ajili ya kliniki ya presha, akae mwezi mmoja. Si unajua tena, mwezi mmoja na mama mkwe kwenye nyumba ya vyumba viwili! Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuogopa. Tulikuwa tumetimiza miaka minne ya ndoa, na mtoto hakuna. Mashangazi walishauliza. Majirani walishauliza. Yeye peke yake alikuwa hajauliza, na niliona anasubiri siku yake.

Kofia iliyoniuma

Jioni ya pili, tukiwa sebuleni, mama akavuta kikapu chake akatoa sindano mbili ndefu na uzi mweupe. Akaanza kufuma bila hata kuangalia mikono, macho yako kwenye taarifa ya habari. Nikadhani ni kitambaa cha makochi. Kufika Jumatano nikaona kitu kinatokeza umbo. Kofia. Kofia ndogo ya mtoto, ndogo mno.

Alhamisi akaanza nyingine.

Mwenzangu, nilihisi kama nimechomwa na sindano ile ile. Nikajiambia, hiki ni kijembe. Wengine huvaa khanga yenye maneno, mama mkwe wangu yeye anafuma. Usiku nikamwambia mume wangu, "Mama yako ananisema." Akashangaa, "Anakusema saa ngapi? Mbona amekaa kimya tu?" Nikamwambia huko kukaa kimya na kofia za watoto ndiko kunakonisema. Akageukia ukutani. Tulilala tumenuniana siku tatu.

Wiki ya tatu umeme ukakatika. Mume wangu alikuwa hajarudi, simu yangu imeisha chaji, na ndani joto halikaliki. Tukatoka barazani, mimi na mama, mshumaa katikati yetu. Alikuwa anafuma gizani kama kawaida. Nikaona liwalo na liwe.

"Mama, samahani. Hizo kofia ni za nani?"

Hakusimamisha mikono. "Ni za wodi ya watoto njiti, mwanangu. Kule kwetu mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali. Mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, joto lote linamtoka. Nikishamaliza kumi nazipeleka."

Nikanyamaza kwa aibu. Yeye akaendelea.

"Mume wako si mtoto wangu wa kwanza. Nilijifungua mwingine kabla yake, wa miezi saba. Tulimfunga kwa kitenge na shuka. Kofia hatukuwa nayo. Aliishi siku mbili. Baada ya hapo nilikaa miaka sita sijapata mimba, na watu walisema kila walichotaka kusema. Mumeo hajui habari hii. Tangu nimefika hapa nataka kuongea na wewe, nimeshindwa pa kuanzia. Mdomo ukiwa mzito, mimi huwa nashika sindano."

Kumbe wiki tatu zile kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake.

Nililia, sitadanganya. Yeye hakunibembeleza sana. Alinipa sindano moja kila mkono, akasema, "Haya, kaa hapa. Vitanzi ishirini."

Mume ashika uzi

Wiki ya mwisho ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Mama alikuwa amekuja na sweta la shule la mume wangu, alilomfumia mwenyewe alipokuwa Darasa la Tano. Limetoboka viwiko, lakini uzi mzima. Akaamua kulifumua ili uzi utumike tena. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja anafumua, mwingine ananyoosha mikono mbele, uzi unazungushwa kwenye mikono yake kama anapokea mzigo. Ukishakuwa mwingi unafungwa, unafuliwa na kuanikwa ili ule mkunjo wa zamani unyooke.

Aliyepewa kazi ya kunyoosha mikono ni mume wangu. Na mtu aliyefungwa mikono miwili kwa uzi hawezi kushika simu! Nusu saa nzima amekaa mbele ya mama yake, hana pa kukimbilia. Ndipo mama akamwambia habari za kaka yake aliyeishi siku mbili.

Mume wangu hakusema kitu kwa muda mrefu. Mikono bado iko hewani. Halafu akauliza, "Alikuwa na jina?" Mama akalitaja. Nilikwenda jikoni nikawaacha.

Usiku ule tuliongea mpaka saa nane. Kwa mara ya kwanza tuliongea habari ya mtoto bila mmoja kumtupia mwenzake lawama. Nilimwambia kwamba ninachoka kwenda hospitali peke yangu. Akakiri kwamba alikuwa anaogopa kupimwa. Tukakubaliana twende wote wawili, maana tatizo la uzazi linaweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanaume, au kwa wote wawili. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo hilo wakati fulani maishani. Ushauri wa kawaida ni kwamba mkikaa mwaka 1 mnatafuta bila kinga na bila mafanikio, mwende mkapimwe, na mwende pamoja. Sisi tulichelewa miaka mitatu kwa sababu ya kununiana na simu.

Na wewe unataka kujaribu?

Usiogope, huhitaji kufuma sweta. Sweta ni kazi ya miezi, na wengi huliacha mkono mmoja. Siri ya sisi tunaotoka kazini usiku ni vitu vidogo, vinavyoisha kabla hujachoka navyo.

Vifaa. Ukipita Kariakoo kwenye maduka ya nyuzi na vifungo utapata kila kitu. Kwa anayeanza, chukua sindano za milimeta 4, za mbao au mianzi kama zipo, kwa sababu za chuma huteleza na vitanzi vinakimbia. Mama mkwe yeye alijifunzia spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha, ila hizo ni nyembamba, karibu milimeta 2, utachoka bure. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa nunua uzi wa pamba. Uzi wa sweta unashikana na jasho la vidole. Na chagua rangi ya mwanga. Kwenye uzi mweusi huoni ulipokosea.

Kazi ya kwanza: kitambaa cha kufutia vyombo. Hiki ndicho mama alichonianzishia, na ni kizuri kwa sababu huhesabu sana. Anza na vitanzi 4, fuma mstari mmoja. Kuanzia hapo, kila mstari fuma vitanzi 2, zungusha uzi mara moja juu ya sindano, kisha fuma vilivyobaki. Kila mstari unaongezeka kitanzi 1, na pembeni panabaki vitundu vizuri kama lesi. Ukifikisha 44, anza kurudi: fuma 1, fuma 2 kwa pamoja, zungusha uzi, fuma tena 2 kwa pamoja, kisha malizia mstari. Sasa kila mstari unapungua 1. Vikibaki 4, funga. Una kitambaa cha pembe nne, na hukulazimika kupima chochote.

Kazi ya pili: kofia ya mtoto. Kwanza fuma kipande cha majaribio cha vitanzi 20, upime upana wake. Tuseme umepata sentimeta 10, yaani vitanzi 2 kwa kila sentimeta. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi tisa kina mzunguko wa karibu sentimeta 35 anapozaliwa, na kofia inatakiwa ishike kidogo, kwa hiyo fuma upana wa sentimeta 32. Hapo ni vitanzi 64. Fuma moja kwa moja mpaka urefu wa sentimeta 15. Pitisha uzi kwenye vitanzi vya juu, vuta vikusanyike, funga fundo imara, kisha shona ubavu. Basi.

Kwa watoto njiti mama hatumii futi. Anatumia chungwa. "Ikilivaa chungwa kubwa la Muheza ikakaa vizuri," anasema, "kuna mtoto itamfaa." Nilipima kwa udadisi, chungwa lenyewe lilikuwa na mzunguko wa sentimeta 28.

Ukitaka kupeleka hospitali, ongea kwanza na muuguzi wa wodi ujue wanachohitaji. Tumia uzi laini, usiweke vifungo, shanga wala kitu kinachoweza kunyofoka, na ifue kabla ya kuipeleka. Usidhani ni pambo tu. Katika huduma ya mama kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mtoto huwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, soksi na kofia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri huduma hiyo ianze mapema iwezekanavyo kwa watoto wote waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo. Mama hakuwahi kusoma hayo. Aliyajua kwa kufiwa.

Muda unaupata wapi?

Swali hili naulizwa kila siku ofisini. Jibu langu: muda unao, ila umegawanyika vipande vipande. Maharage yako jikoni yanachemka, hiyo ni mistari kumi. Unasubiri zamu yako kliniki, mitano. Kwenye daladala usifume, utamchoma mtu. Ukiwa kituoni unasubiri, ruksa. Weka kazi yako kwenye mfuko mmoja mdogo pamoja na mkasi, ukae mahali unapoufikia kirahisi kuliko chaja ya simu.

Nyumbani kwetu tuna sheria moja tu. Baada ya kula, dakika ishirini, simu zote zinakaa juu ya friji. Mimi nafuma. Mume wangu mwanzoni alikuwa ananitazama tu, siku moja akaninyang'anya sindano akafuma mistari sita bila kosa. Kumbe alijifunza shule ya msingi kwenye somo la Stadi za Kazi! Miaka minne ya ndoa, sikujua. Sasa hivi yeye ndiye bingwa wa vitambaa vya vyombo, ingawa amenikataza nisiwaambie rafiki zake. Samahani, mume wangu.

Usitegemee kila jioni mtaongea mambo mazito. Siku nyingine tunazungumzia bei ya mafuta ya kula. Siku nyingine tunakaa kimya, lakini si kimya kile cha zamani. Mtu anapofuma hakukazii macho, na wewe hulazimiki kumkazia. Maneno yanatoka taratibu, na yakigoma, mnarudi kwenye kuhesabu vitanzi.

Najua unataka kuuliza. Hapana, bado hatujapata mtoto. Tulipima wote wawili, tumeanza matibabu, na daktari ametuambia tuwe na subira. Zamani jibu hilo lingenifunga chumbani siku mbili. Siku tuliyotoka hospitali nalo tulinunua uzi njiani.

Wiki iliyopita nilimaliza kofia ya kumi, ya bluu ya bahari, ya ule uzi wa sweta la shule. Imefumwa na mikono miwili tofauti, na ukiangalia vizuri utaona mume wangu alipokaza sana. Tuliufunga mzigo tukaupeleka stendi, basi la Njombe. Kesho yake jioni mama akapiga simu.

"Zimefika, mwanangu. Nimezihesabu. Ila moja haikulivaa chungwa."

Nikamwambia hiyo ni ya mwanawe. Akacheka sana, akasema ataifumua mwenyewe, airudie.