Mmea Nao Hupiga Mbiu

Adui akiingia kijijini usiku, yule aliyemwona kwanza hupiga mbiu, na watu wote huamka. Lakini mmea hauna mdomo wala masikio. Ugonjwa ukishika jani moja, majani mengine yatajuaje?

Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, A. Frank Ross, alieleza jaribio lake juu ya tumbako. Alipaka majani ya chini virusi vya batobato, ugonjwa utiao majani mabaka. Kwa kuwa tumbako yake ilikuwa ya aina imtambuayo adui huyo, palitokea vidonda vidogo vikavu tu. Baada ya siku 7 hivi akayapaka majani ya juu, yaliyokuwa mazima bado. Huko vidonda vilikuwa vidogo zaidi, tena vichache, kuliko katika mimea isiyopakwa kwanza. Habari ilikuwa imekwisha kufika.

Je, ilipelekwaje? Mwili wa mmea umejengwa kwa seli, ndogo hata hazionekani kwa macho. Seli ikimtambua adui hujiua pamoja na zile za karibu, ili asipate pa kupita. Ndicho kile kidonda kikavu. Papo hapo vitu fulani hutumwa kama matarishi katika mishipa ya mmea mpaka majani ya mbali. Huko asidi ya salisiliki huongezeka, nayo majani huanza kutengeneza protini za kujikinga.

Asidi hiyo ni ndugu wa aspirini, dawa tumezayo tukiumwa kichwa. Mwaka 1979 ilionekana kwamba tumbako iliyotiwa aspirini hushindana vema na virusi. Na mwaka 1990 watafiti walionyesha kwamba mmea wenyewe huiongeza asidi hiyo ukishambuliwa. Mwaka 1997 ikajulikana tena kwamba tumbako yenye ugonjwa hutoa hewani kitu kilichotokana na asidi hiyo, chenye harufu kama ya mafuta ya kuchulia misuli, na mmea jirani huweza kukipokea ukajiweka tayari.

Lakini mlinzi asiyemjua mwizi hapigi mbiu. Aina nyingine za tumbako hazimtambui adui yule yule, na virusi huenea mwili mzima. Muhogo nao una batobato yake, iletwayo na virusi vingine ambavyo huchukuliwa na nzi weupe wadogo. Na aina nyingi za muhogo haziwezi kuvizuia.

Hapo, wasomaji wapenzi, mlinzi ni mwenye shamba. Kagueni muhogo wenu ungali na majani. Shina ambalo majani yake yamekunjamana na kuwa na mabaka ya manjano, msilikate vijiti vya kupanda, maana ugonjwa umo ndani ya mti, nao utahamia shamba jipya. Chagueni mashina mazima, na mkipata aina zistahimilizo batobato, pandeni hizo. Kijiti kigonjwa kikipandwa leo, watakaopungukiwa chakula kesho ni watoto wenu.