Mafuta ya Difu Hayachaguliwi kwa Unene

Katika gari la mizigo lipitalo njia mbaya, hakuna sehemu isahauliwayo kama difu. Injini ina sindano ya joto na taa za kumwonya dereva, nayo magurudumu huonekana kwa macho. Lakini difu imejificha chini ya gari, imefunikwa matope, wala haitoi ishara mpaka ianze kulia. Ikivunjika karibu na Nakuru, fundi atapatikana kabla ya jioni. Ikivunjika katika jangwa la Chalbi, kati ya Marsabit na North Horr, abiria huweza kukaa juani siku nzima wakipimiana maji ya kunywa, na shehena ikaharibika garini. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye gari, na kila taniboi atumwaye dukani, afahamu namna ya kuchagua mafuta ya gia.

Kosa lililo kubwa ni kudhani kwamba mafuta mazito zaidi ndiyo yalindayo zaidi. Mnunuzi huingia dukani, huinua kopo na kulitikisa, na likionekana kuwa na mafuta mazito kama asali huridhika akalipa. Unene una kazi yake, lakini si jambo la kwanza la kuuliza. La kwanza ni dawa iliyotiwa ndani ya mafuta hayo.

Ili jambo hili lifahamike, lazima kwanza tufungue difu yenyewe. Nguvu ya injini huja nyuma kwa shafti ndefu, na mwisho wa shafti hiyo kuna gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni huizungusha gia kubwa ya duara iitwayo krauni, nayo krauni hupeleka nguvu kwenye magurudumu ya pande mbili. Zamani pinioni ilielekezwa katikati ya krauni. Mwaka 1926 kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kutumia namna nyingine, iitwayo haipoidi, ambayo pinioni yake hukaa chini ya kitovu cha krauni. Namna hiyo ilienea upesi, kwa kuwa iliwezesha shafti kushushwa, na meno ya pinioni yakawa makubwa na yenye nguvu zaidi.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Meno ya haipoidi hayaishii kusukumana, bali pia huteleza moja juu ya jingine yakiwa yamebanwa kwa nguvu nyingi, kama kisu kikandamizwavyo juu ya jiwe la kunolea. Mafuta ya kawaida hukamuliwa yakatoka katikati, chuma kikagusa chuma, na meno yakachubuka. Kwa hiyo watengenezaji hutia dawa zenye salfa na fosforasi. Meno yapatapo moto kwa kusuguana, dawa hizo huungana na chuma na kufanya utando mwembamba sana juu yake, na utando huo ndio uliwao badala ya meno. Harufu kali ya mafuta ya gia, ambayo hukaa katika nguo za fundi hata baada ya kufuliwa, yatokana na salfa hiyo. Mafuta ya injini, hata yawe mazito namna gani, hayakuandaliwa kwa kazi hiyo.

Nguvu ya dawa huonyeshwa kwa herufi zilizoandikwa kwenye kopo, kwa kipimo cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, yaani API. Mafuta ya GL-4 yana dawa ya kiasi, na aghalabu hutumika katika giaboksi. Mafuta ya GL-5 yana dawa nyingi zaidi, nayo ndiyo yapasayo difu ya haipoidi ibebayo mzigo mzito. Mwenye gari asije akafikiri kwamba yaliyo na nguvu zaidi yafaa kila mahali. Ndani ya giaboksi nyingi mna pete za shaba nyeusi zisaidiazo gia kuingia bila kelele, na baadhi ya mafuta ya GL-5 huzila pete hizo au huzifanya ziteleze mno. Basi mtu atiaye mafuta ya difu katika giaboksi bila kusoma kitabu cha gari huenda akaokoa fedha za kopo moja, kisha akanunua giaboksi.

Sasa twaja kwenye namba. Alama ya 80W-90 maana yake ni kwamba mafuta hayo yamepimwa mara mbili: namba yenye W yaonyesha namna yanavyotiririka wakati wa baridi, na namba ya pili yaonyesha unene wake yakiwa moto, katika digrii 100 za Selsiasi. Wengi huona 90 ya gia na 40 ya injini wakadhani ile ya kwanza ni nzito mara mbili na zaidi. Sivyo. Vipimo hivyo ni viwili mbalimbali, na mafuta ya gia ya 90 hukaribiana kwa unene na mafuta ya injini ya 40 au 50.

Kwa magari mengi ya nchi hii 80W-90 yatosha. Lori livutalo mzigo mzito kwenye mchanga na joto la Turkana laweza kufaidika na 85W-140, ikiwa kitabu cha gari chaikubali. Lakini katika asubuhi ya baridi ya Nyahururu mafuta hayo mazito huchelewa kufika kwenye beringi za pinioni, na kuzungusha gia ndani yake hula nguvu ya injini na kuongeza joto. Mafuta ya sintetiki, yaliyotengenezwa kwa ustadi zaidi, huvumilia joto na baridi pia, ila bei yake ni kubwa. Kwa mtu abadilishaye mafuta mara kwa mara kwa sababu ya kupita mitoni, sioni haja ya kulipa fedha hizo.

MAGARI YENYE LOKA

Difu ya kawaida ina udhaifu mmoja. Gurudumu moja likining'inia au likizama katika matope, huzunguka bure, na lile lililo kwenye ardhi ngumu hukosa nguvu. Ndipo hufungwa kifaa ambacho mafundi hukiita loka, kinachoyalazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka pamoja. Toyota Land Cruiser za jamii ya 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, baadhi yake hutoka kiwandani na loka ya umeme. Kampuni ya ARB ya Australia huuza loka iendeshwayo kwa hewa iliyoshindiliwa. Nyingine hujifunga zenyewe bila dereva kugusa kitu.

Hapa ndipo watu hudanganywa dukani. Kuna difu za namna nyingine zisizo loka kamili, ambazo ndani yake mna sahani zinazosuguana ili kupunguza kuteleza. Hizo huhitaji mafuta yenye dawa ya kulainisha msuguano, la sivyo gari likata kona hutetemeka na kunguruma. Muuzaji aweza kukwambia kwamba kila gari lenye loka lahitaji dawa hiyo. Loka ishikayo kwa meno au kwa pini haina sahani za kulainishwa, na dawa hiyo haiisaidii. Basi kabla ya kununua, jua kilichomo ndani ya difu yako.

Loka ya hewa ina jambo lake pia. Ukiona mafuta ya gia yakitoka kwenye mdomo wa valvu ya hewa, jua kwamba pete za mpira zilizo ndani ya difu zimechoka. Kubadilisha aina ya mafuta hakutaponya ugonjwa huo.

MAJI NDANI YA DIFU

Pamoja na hayo yote, mafuta yaliyo bora kabisa hayafai kitu yakichanganyika na maji. Gari litokalo safari ndefu difu yake huwa moto. Likitumbukia katika mto, difu hupoa ghafula, hewa ya ndani hujikunja, na maji hufyonzwa kupitia tundu la kupumulia au sili zilizochakaa. Mafuta hugeuka rangi yakawa kama chai ya maziwa, kutu huanza kwenye beringi, na utando tuliousema hauwezi tena kufanya kazi yake. Mtu apitaye mitoni mara nyingi na aunganishe tundu hilo na mpira mrefu uliopandishwa juu, karibu na injini au taa ya nyuma. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Hata hivyo, baada ya kuvuka maji mengi, fungua ukaangalie.

Wakati wa kubadilisha, gari lisimame mahali pa sawa na mafuta yawe vuguvugu. Fungua kwanza kizibo cha juu cha kujazia, kisha ndipo ufungue cha chini. Wako waliomwaga mafuta yote, halafu wakakuta kizibo cha juu kimeshika kutu hakifunguki, na gari likalala hapo hapo. Sumaku ya kizibo cha chini ikiwa na uji mweusi laini, hilo ni jambo la kawaida. Ikiwa na vipande vya chuma, mwite fundi kabla ya safari. Jaza mpaka mafuta yafike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, wala usiongeze. Difu iliyojazwa kupita kiasi husukuma mafuta kupitia sili za ekseli, na katika magari mengi yakipita hapo huingia ndani ya dramu ya breki. Lori lenye watu na magunia, literemkalo mlima na breki za nyuma zilizolowa mafuta ya gia, halisimami pale dereva atakapo.