Kisukari na Uzazi wa Mwanaume



Kila mwaka, tarehe 14 Novemba, dunia huadhimisha Siku ya Kisukari. Hiyo ndiyo tarehe aliyozaliwa Frederick Banting, daktari wa Kanada ambaye pamoja na wenzake aligundua insulini mjini Toronto mwaka 1921. Katika maadhimisho hayo huelezwa jinsi kisukari kinavyodhuru macho, figo na miguu. Lakini liko dhara jingine ambalo halitajwi hadharani, kwa kuwa wanaume hulionea haya. Nalo ni dhara la ugonjwa huu juu ya uwezo wa mwanaume kupata mtoto. Leo tutalizungumza waziwazi, maana mficha uchi hazai.

Tuanze na nyumba isiyo na mtoto. Katika jamii zetu, miaka miwili mitatu ikipita bila kilio cha mtoto mchanga, kidole huelekezwa kwa mke. Yeye ndiye anayezungushwa kwa waganga, ndiye anayesimangwa na mawifi, na mwisho ndiye anayerudishwa kwao. Mume hakupimwa. Lakini Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba kiasi cha mtu mzima mmoja kati ya 6 hupatwa na tatizo la kukosa uzazi wakati fulani maishani mwake. Hali kadhalika, madaktari wanafahamu kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo, hitilafu iko upande wa mume, ama peke yake ama pamoja na ya mke. Basi kumhukumu mke kabla ya kumpima mume ni kutoa hukumu bila ushahidi, na kila askari polisi anajua kwamba kesi ya namna hiyo haisimami mahakamani.

Tena lazima ieleweke kwamba ugumba na uhanithi ni mambo mawili. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote za unyumba, na mbegu zake zikawa chache, goigoi au zenye kasoro. Kwa hiyo majigambo ya chumbani hayawezi kuchukua nafasi ya kipimo cha hospitali.

Sasa kisukari kinaingiaje hapa? Askari anaifahamu kutu. Bunduki iliyonyeshewa, isipofutwa wala kupakwa mafuta, chuma chake hushikana na oksijeni ya hewani, kikaanza kuliwa polepole, na siku ya haja bunduki hukwama. Ndani ya mwili wa binadamu kuna jambo linalofanana na hilo. Chembe hai nyingi huchoma sukari kwa msaada wa oksijeni ili zipate nguvu, na katika uchomaji huo hutokea mabaki makali ya oksijeni. Kiasi kidogo cha mabaki hayo kina kazi yake, kwani huisaidia mbegu kujiandaa kuliingia yai. Yanayobaki huzimwa na kinga ya mwili, kama mafuta yanavyoukinga mtutu. Taabu huja pale mabaki yanapoishinda kinga, na hali hiyo ndiyo wataalamu waiitayo mkazo wa oksidi.

Sukari ikijaa katika damu kwa miezi na miaka, mabaki hayo huzidi. Nayo mbegu ya kiume ni dhaifu mbele yake. Ngozi yake imejengwa kwa mafuta laini yanayoshambuliwa upesi na oksijeni, mwili wake ni mdogo mno kubeba akiba ya kinga, na ikishaharibika haiwezi kujitengeneza. Mapema mwaka 1943 mtafiti John MacLeod, huko Marekani, alionyesha kwamba mbegu za mwanadamu zilizowekwa penye oksijeni nyingi hupoteza mwendo wake.

Mwaka 2007 watafiti wa Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume wenye kisukari wanaotumia insulini, wakiwalinganisha na wasio na ugonjwa huo. Chini ya darubini, mbegu za makundi hayo mawili hazikutofautiana sana kwa wingi, umbo wala mwendo. Lakini walipochunguza DNA, yaani ule urithi ambao baba humpa mtoto, waliona kwamba kwa wenye kisukari zaidi ya nusu yake ilikuwa imekatika-katika, ilhali kwa wenzao ilikuwa kama theluthi moja. Mbegu ya namna hiyo huenda ikalifikia yai, lakini mimba ikakosa kushika au ikaharibika mapema. Na hapo tena mke ndiye atakayelaumiwa.

Ziko njia nyingine mbili za dhara. Kisukari kisichotibiwa huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, hata nguvu za mwanaume zikapungua, au manii yakarudi nyuma na kuingia katika kibofu badala ya kutoka nje. Aidha, kwa wanaume wengi wenye kisukari cha ukubwani, hasa walionenepa kupita kiasi, homoni ya kiume hushuka.

Hapa Uganda, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wenye kisukari walikuwa kiasi cha 1.4 kwa mia ya watu wazima, na karibu nusu yao hawakujua kwamba wanaugua. Wapo wanaoijua kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara usiku, lakini wanaficha wasije wakaonekana wadhaifu mbele ya wenzao. Ugonjwa uliofichwa hauachi kufanya kazi yake.

Palipo na hofu, wachuuzi hawakosekani. Huuza chupa za dawa na vidonge, wakidai kwamba vinaondoa sumu na kuimarisha mbegu. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Marekani kwa wanaume 2,370 waliokuwa wakitafuta mtoto pamoja na wake zao. Nusu walipewa vidonge vya madini ya zinki na vitamini ya foliki, na nusu vidonge visivyo na dawa. Waliomeza dawa hawakupata watoto zaidi ya wenzao. Hatari zaidi ni sindano za homoni ya kiume zinazotumiwa ovyo kwa kutafuta nguvu na misuli: zikiingia mwilini, korodani hupunguza kutengeneza mbegu, na huweza hata kuacha kabisa.

Inayofaa ni hatua ya wazi. Ikiwa mwaka mzima umepita mkitafuta mtoto bila kufanikiwa, nendeni hospitali mume na mke, siku moja. Mume apimwe manii, na apimwe sukari kabla hajala kitu asubuhi. Sukari ikifika milimoli 7.0 au zaidi katika lita moja ya damu, na kipimo cha pili kikathibitisha, hicho ni kisukari. Atumie dawa alizoandikiwa bila kuruka siku, apunguze uzito, soda na waragi, aache sigara, na mazoezi ya asubuhi yasiwe ya kuruta peke yake. Mbegu mpya huchukua miezi miwili na nusu hadi mitatu kukomaa, kwa hiyo asitazamie mabadiliko katika wiki moja.

Hatusemi kwamba kila mwenye kisukari ni mgumba. Wengi wamezaa na wanaendelea kuzaa. Wala hatusemi kwamba kila mgumba ana kisukari, kwani yako magonjwa mengine, kama kisonono kisichotibiwa. Ndiyo maana kipimo kinahitajika.

Ndugu askari, unaikagua silaha yako kila siku bila kuona haya. Ukague na mwili wako vivyo hivyo, kabla hujamfungashia mkeo mizigo yake kwa kosa ambalo huenda si lake.